Barazani kwa Bi Mwalimu: Mikoko iliyokufa, kunguru wa Likoni na popo wa juu ya mabati

Mwezi huu mumeniandikia juu ya miti, ndege na bahari kana kwamba mumepatana. Barua ya mkwe anayemaliza sukari ya nyumba nimeiweka kando mpaka toleo lijalo, mwenyewe astahimili. Kwa wageni wa safu hii: nimefundisha Jiografia katika shule za hapa kisiwani Mombasa mpaka nikastaafu, naishi Mji wa Kale, na sina subira na mtu anayenihubiria mazingira bila kunitajia hata mti mmoja kwa jina lake.

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Mikindani. Mwaka jana tulipata mfadhili, akatupa fulana, buti na miche ya mikoko. Tulipanda kwenye tope lililo wazi kando ya maji, tukapigwa picha. Sasa ukienda utakuta vijiti tu. Mfadhili anataka turudie pale pale msimu ujao, na wazee wavuvi wanatucheka. Tuendelee au tuache? (Katibu, Mikindani)

Marahaba, mwanangu. Hao wazee wanaowacheka, mumewauliza wanacheka nini? Naona kwenye barua mfadhili kaulizwa, mpiga picha kaulizwa, mzee wa mtumbwi hakuulizwa.

Lile tope liko wazi kwa sababu yake. Mbegu za mkoko huelea, na maji ya hori ya Tudor yanazipitisha hapo kila yanapojaa na kila yanapotoka, miaka nenda miaka rudi. Kama zingependa kushika mahali hapo zingeshika zamani, bila fulana wala mfadhili. Nyinyi mumekwenda kuzikalisha zilipokataa kukaa.

Sasa fanya hivi. Chagua siku ya bamvua, ile ambayo bahari hutoka mbali zaidi, ikishatoka, umshike mkono mzee mmoja kati ya hao akuingize msituni kutoka upande wa maji kuja nchi kavu. Mbele kabisa utakuta mlilana, ndio unaopigwa na mawimbi kwanza, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza juu ya tope. Wavuvi huikata wakaifanya vyelezo vya nyavu. Nyuma yake ndipo penye mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyopinda inayousimamisha mti juu juu. Kisha muia, kisha mkandaa, ambao ganda lake lilikuwa likitiwa kwenye ngozi ikapata wekundu. Na huku juu, panapofikiwa na maji makubwa tu, mchu. Ligeuze jani la mchu ulirambe upande wa chini: chumvi tupu, mti wenyewe umeitoa. Ukibahatika utaona na mkomafi, wenye tunda la mviringo la kujaza viganja viwili.

Kila mmoja una pahala pake, na pahala penyewe hupimwa kwa muda ambao mizizi inakaa majini kila siku. Nyinyi mumepanda mkoko kwenye uwanja wa mlilana. Najua na sababu: mbegu ya mkoko ni ndefu, inaokotwa, inadungwa topeni, na saa hiyo hiyo picha inapendeza. Mlilana una mbegu ndogondogo ndani ya tunda, zinataka kitalu na mtu wa kukaa nazo. Nani atakuja kumpiga picha mtu amekaa na kitalu?

Na hata hiyo ya mkoko, muliiangalia shingo? Mbegu iliyokomaa huwa na pete ya rangi ya manjano pale inapokutana na kofia yake, na ukiigusa inaachia. Ile ya kuvutwa mpaka tawi linatikisika bado ni changa, na mtoto wa shule aliyelipwa kwa kila mbegu ataivuta tu.

Mengine si lawama yenu. Mito ya Kombeni na Tsalu inaleta udongo wa mashamba ya juu, na udongo ukizidi hufunika mizizi ya kupumulia, mti ukafa umesimama. Walioziona mvua za El Niño za 1997 na 1998 wanakumbuka Mwache, upande wa Port Reitz: sehemu kubwa ya mikoko ilikauka kwa kuzikwa na tope. Huko kwenu kuna maji taka, kuna pampasi zinazojiviringisha kwenye mche mpaka ukalala, kuna na wakata kuni. Mche uliopandwa pahala pabaya, ukaletewa na hayo yote, utakosaje kuwa kijiti?

Msinielewe vibaya, sisemi mkoko usiguswe. Mimi nalala chini ya mikoko, wallahi. Dari ya chumba changu ni boriti zilizokatwa kabla babu yangu hajazaliwa, na upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama ilivyo katika nyumba zote za mawe hapa Mji wa Kale. Hapakuwa na mti mrefu zaidi wa kupitisha juu, basi ukuta ukasogezwa. Boriti kama hizo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni kaskazi baada ya kusi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Mti huu ulikatwa miaka mingi na ulirudi, kwa sababu uliachiwa mbegu na uliachiwa maji.

Maji ndiyo hasa. Tangu 2022, daraja liliposhika nafasi ya ile barabara ya kifusi pale Makupa, maji ya Tudor na ya Port Reitz yamepata kuamkiana tena. Yafungulieni maji njia kwanza, halafu mungoje muone kitakachoota chenyewe. Na kama mfadhili wenu anapenda mifano, mpelekeni Gazi, kule Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, wanakijiji wanalipwa na wanunuzi kwa kaboni inayoshikwa na msitu wao, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Hekta 117, na sehemu kubwa ni msitu uliokuwepo. Kazi yao kubwa ni kuulinda. Kupanda kuko pembeni.

Kwa hivyo msiache, ila msirudie. Mwandikieni mfadhili kwamba fedha za miche muzigeuze ziwe za kuzibua mifereji, kuondoa taka, na posho ya wazee wawili wa kuilinda mikoko iliyosimama. Akikataa, arudi na fulana zake.

Bi Mwalimu, tuko Bamburi kwa likizo, tumetoka Nakuru. Watoto wameokota makombe ya bahari mfuko mzima. Ni vibaya kuyabeba? (Mgeni)

Yarudisheni, karibuni tena. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuokota. Na popote pale, tazameni ndani ya kombe kabla halijaingia mfukoni: mara nyingi kuna kaa mdogo asiye na gamba la kumtosha mwilini, na hiyo ndiyo nyumba yake. Yale makubwa yanayong'aa wanayowauzia vijana ufuoni hayakuokotwa matupu. Kombe ling'aalo vile mwenyewe alitolewa hai.

Bi Mwalimu, nyumba yetu Kisauni ina mkungu uani. Kungu zikiiva popo wanakuja usiku, wanakula na kutupa kokwa juu ya mabati, ta, ta, ta, mpaka alfajiri. Mume wangu ameshamwita mtu wa msumeno. Mti siutaki ukatwe, na usingizi nao nautaka. (Mama wa watatu, Kisauni)

Mdogo wangu, popo hawaji kila usiku wa mwaka. Kungu zikiisha wanahamia kwenye maembe ya mtu mwengine, naye ataniandikia. Mtu wa msumeno msimrudishe, maana ameshatoka kwake. Mpeni kazi ndogo. Mkungu hutoa matawi yake kwa ghorofa, ghorofa juu ya ghorofa. Yaliyolala juu ya mabati, hayo tu, yakatwe karibu na shina pasibaki kigutu cha kuoza, na yakatwe kabla ya masika. Upande huo wa paa mukitandaza makuti juu ya mabati, kokwa itakayoponyoka itaangukia makuti, na nyumba itapoa pia.

Kuhusu kupoa: mwambie baba watoto akae chini ya mabati matupu mwezi wa Februari saa nane mchana, upepo umekufa, kisha ndipo azungumze habari ya kuukata mti wote. Bibi yangu alikuwa na mkungu wake Kuze. Chini yake palikuwa jiko la pili, chuo cha watoto cha alasiri na pahala pa kupatanisha wagomvi, maana ndani ya nyumba hapakaliki.

Na popo msimtukane sana. Mabuyu ya rangi wanayonunua wanao wakarudi shuleni na midomo myekundu yanatokana na ua la mbuyu linalochanua usiku, na mgeni wake ni popo. Ile mibuyu ya Mama Ngina iliyotutangulia sote haikujizaa kwa mvua peke yake.

Bi Mwalimu, nachuuza samaki wa kukaanga karibu na feri, upande wa Likoni. Kunguru wananinyang'anya samaki mkononi mbele ya mteja. Nasikia serikali inawatilia sumu. Si dhambi hiyo? Na kama wanatiliwa, mbona hawaishi? (Mchuuzi, Likoni)

La dhambi muulize shekhe wako au padri wako, mimi nilikuwa nikifundisha ramani. Ninaloweza kukwambia ni kwamba huyu si ndege wa kwetu. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu ametoka Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa ameshatua Mombasa. Waliomleta walitaka mfagiaji wa bure. Mfagiaji akaona na mayai ya ndege wengine ni chakula, na makinda yao, na vifaranga vya kuku, na sasa samaki wako. Uani kwetu palikuwa na mnana wakifuma viota mpaka matawi yanainama. Siku hizi nasikia "kaa, kaa" tangu adhana ya alfajiri.

Ni kweli, Juni 2024 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, walitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Siupingi. Ndege wa asili hawana mtetezi mwengine. Lakini kunguru ni mgeni aliyekuja kwa harufu ya sahani, na sahani hatujaiondoa mezani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na kweli imepungua, nani asiyeona. Jalala la Kibarani lililokuwa likitupokea mlangoni mwa kisiwa likafungwa, pakapandwa miti. Taka hazikuyeyuka, dada yangu. Zilipelekwa Mwakirunge, na zisizofika Mwakirunge ziko nyuma ya soko, kwenye mitaro, na chini ya meza za wachuuzi. Ukiua kunguru mia leo, hao waliobaki watakula vizuri zaidi na watazaa zaidi.

Naomba nikuulize bila ya kukukasirisha: matumbo na vichwa vya samaki unavitupa wapi jioni? Nunua ndoo yenye kifuniko cha kubana, na samaki mfunike kwa kawa au kwa kabati la wavu. Halafu mushikane wachuuzi wote wa hapo, maana ukifunika wewe peke yako kunguru atakaa kwa jirani akisubiri usahau.

Bi Mwalimu, nakusoma sana lakini leo niseme. Haya mambo ya mazingira ni ya wazungu na watu wa semina. Mimi ni utingo wa lori hapa Changamwe, chumba kimoja, watoto wanne, maji nanunua kwa mtungi. Mtu kama mimi ana uhusiano gani na miti? Acheni kutupigia kelele. (Utingo, Changamwe)

Ndugu yangu, nusu ya barua yako naitia sahihi. Semina zimezidi. Nimekaa kwenye moja ya kupinga plastiki, bango lilikuwa la plastiki na kila mtu alikuwa na chupa yake ya maji mbele yake, mimi nikiwemo kwa kuwa hapakuwa na glasi.

Nusu ya pili umejijibu uliposema maji unanunua kwa mtungi. Mji huu umezungukwa na maji na hauna mto wa kunywa. Ya kwetu yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950; Baricho, Kilifi; visima vya Tiwi; na Marere, chemchemi iliyomo kwenye msitu wa Shimba. Msitu ule ukiliwa kidogo kidogo, chemchemi itabaki na nini cha kutupa? Na siku bomba likikauka, mwenye tangi la lita elfu kumi juu ya paa hana habari. Wenye habari ni wewe na mwenye mkokoteni, na bei anaipanga yeye. Kisima cha uani kwetu mama yangu akitekea maji ya kupikia. Sasa ni ya kupigia deki tu, yamekolea chumvi na yana harufu ya mashimo ya vyoo ya mtaa mzima. Huo ni uhusiano wako na mazingira, kaka, unaulipia kila asubuhi.

Tena hapo hapo jirani yako, Owino Uhuru. Kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, vumbi na maji yake yakaingia kwenye nyumba za watu wa chumba kimoja kimoja. Aliyesimama hakuwa mzungu. Ni Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo hapo, mwanawe mchanga akapimwa akakutwa na risasi mwilini. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu. Wale akina mama hawakwenda mahakamani kwa kupenda ndege. Walikwenda kwa ajili ya damu ya watoto wao, na mahakama ikawasikiliza chini ya jina hilo hilo la mazingira unaloliona la wazungu.

Mimi sitakwambia wewe uache kutupa chupa ndipo bahari ipone. Anayemwaga kwa bomba ahesabiwe kwanza, aliyejenga ukuta akafunga njia ya watu ya kwenda ufuoni ahesabiwe wa pili, kisha tuje kwako na chupa yako, na tutakuja. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe na mengi yakafa. Joto lile hakulitia mvuvi wa dema anayeyategemea, wala utingo wa Changamwe. Hapo nakubaliana nawe kabisa kwamba kelele zinapigiwa mtu asiyehusika.

Lakini la miti silikubali. Kuanzia 1971, pale Bamburi, Rene Haller alipanda miti kwenye machimbo ya saruji, mwamba mtupu usio na udongo. Mvinje ukastahimili, majani yake yakakaa chini bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo watu wanalipa kuingia kukaa kivulini. Wewe kivuli unakipata bure. Utingo anayengoja zamu ya kupakia kontena kutwa nzima, anangoja wapi? Niandikie uniambie, na uniambie ni mti gani. Nakuapia si juani.

Shikamoo bibi. Niko gredi ya sita. Tukienda Nyali, siku nyengine bahari inatoka mbali sana tunaona mawe yote, na siku nyengine haitoki sana. Kwa nini? Na tunaweza kwenda mpaka kule mbali wenyewe? (Mwanafunzi, Tudor)

Marahaba, mjukuu wangu. Tazama mwezi. Ukiandama, na ukiwa mpevu, mwezi na jua huivuta bahari kwa pamoja, ikajaa sana na kutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua, na hapa Mombasa tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa hupita mita tatu, juu kuliko dari ya darasa lenu. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi kule, maji hayaendi mbali. Wavuvi huyaita maji mafu. Siku za bamvua hapa kwetu bahari huwa imetoka kabisa kama saa nne au saa tano za asubuhi, kisha kila siku inachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Andika kwenye daftari lako mwezi mzima uone kama nakudanganya.

Wenyewe, la. Nendeni na mtu mzima anayeijua bahari, na mugeuke kurudi mara tu maji yanapoanza kuingia, kwa sababu mfereji ulio karibu na ufuo hujaa nyuma yenu wakati nyinyi bado mumesimama pakavu. Ukigeuza jiwe kutazama chini yake, lirudishe lilivyokuwa. Walioko chini hawastahimili jua. Na uvae raba. Champali zitabaki topeni.